Otilia na Kabureta Zilizolewa

"Imezima mbele ya wakwe," Steven akasema. "Mbele ya wakwe, mama fundi, na mimi nimevaa koti la kuazima."

Otilia hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa juu ya gunia bandani kwake, kabureta ya Steven imefumuliwa mbele yake kama kuku wa sikukuu, na akamjibu kwamba koti na kabureta ni ndugu wa mbali sana, na kwamba wakwe wanaomtaka mtu kweli humsaidia kusukuma.

Steven akasema walimsaidia, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Baba mkwe, mzee mwenye heshima zake, alivua kofia, akainama nyuma ya pikipiki ya mposaji, akaisukuma kutoka kizingitini mwake hadi barabarani. Mama mkwe akafuata na mwiko mkononi akielekeza. Na Bertha mwenyewe, ambaye ndiye Steven alikwenda kumposa, akaingia ndani, akafunga mlango, akacheka hadi mabati yakalia. Tena pikipiki ilipofika barabarani iliwaka yenyewe bila kupigwa kiki, ikamchukua Steven hajaaga, ikamfikisha kwenye daraja la miti, ikazima tena. Mtu angedhani kilichokuwa kinakataliwa ni ndoa.

"Umeisafisha hii kabureta mpaka imekonda," akasema. "Sasa nakuuliza kwa heshima. Unaisafisha au unaichafua?"

Hapo Otilia akainua kichwa.

Upande ule wote wa Ufipa, kuanzia barabara ya Namanyere mpaka kule ukingoni ambako nchi inakatika ghafla na pikipiki zinateremka kwenda Kirando breki zikinuka, mafundi wa matairi walikuwepo. Wa minyororo walikuwepo. Wa kugonga kitu chochote kwa nyundo mpaka kitubu, hao ndio walikuwa wengi. Fundi wa kabureta alikuwa Otilia peke yake. Watu walisema akiweka sikio kwenye tanki anasikia pikipiki inawaza nini. Walisema aliwahi kusafisha kabureta ya mtu wa Wampembe vizuri kupita kiasi, hata yule mtu alipofika kwake akakuta pikipiki imetangulia na imeshakaribishwa uji. Mengine ni chumvi, lakini hakuna anayetia chumvi kwenye chungu kitupu.

Sasa jina hilo lilikuwa linavuja. Tangu mvua zikatike na upepo wa baridi uanze kukimbia juu ya mashamba ya ulezi, pikipiki zilikuwa zinazima ovyo, na akizisafisha leo, kesho zimerudi zikikohoa. Steven hakuja kwa ajili ya koti peke yake. Yeye ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda, na asubuhi hiyo vijana wake walikuwa wamekaa kikao wakakubaliana kwamba Otilia apewe nafasi ya mwisho, kwa pikipiki ya mwenyekiti. Ikizima tena kabla ya jua kuzama, kijiwe kizima kinahamia kwa kijana mmoja wa Sumbawanga mjini mwenye mashine ya kupuliza upepo na kofia iliyogeuzwa nyuma. Na kijiwe kikihama, mkulima naye anahama, mwalimu anahama, mpaka padri anahama. Fundi asiye na jina ni mtu anayechezea vyuma tu.

"Mwenyekiti, usimwonee mtani wangu," akasema Ngeleja.

Ngeleja alikuwa ameketi juu ya tairi, fimbo yake katikati ya magoti. Ni Msukuma aliyekuja Rukwa na ng'ombe wa baba yake angali kijana, akazeeka hapo hapo akiwa bado anaitwa mgeni. Yeye na Otilia waliitana watani, ingawa hakuna aliyejua utani huo ulianza lini wala nani aliutangaza. Pikipiki yake nayo ilikuwa imekufa pale nje, mbele kabisa ya banda, na dumu la petroli limefungwa nyuma kwenye keria. Otilia akamwambia asimtetee, kwani mtetezi wa namna yake ndiye anayemfungisha mshtakiwa.

Lakini Ngeleja alikuwa mtu muhimu pale bandani, kwa sababu ya mikia. Ndani ya kabureta mna jeti, kijipande cha shaba chenye kitundu ambacho petroli hupita kwenda kuungua, na kitundu hicho kikiziba hata kwa uchafu wa ukubwa wa chawa, pikipiki inalia. Mafundi wengine hukichokoa kwa waya. Waya unakitanua, na pikipiki inaanza kunywa kama mgeni wa msibani. Otilia alitumia unywele wa mkia wa ng'ombe, mmoja mmoja, akiuvuta polepole huku amefumba jicho moja. Ngeleja ndiye aliyemletea, na hakumletea wa ng'ombe yeyote, maana walikwishajaribu. Ng'ombe mweupe unywele wake hukatika, na wa ndama hujikunja. Waliokubalika ni wa fahali mweusi mmoja tu, na fahali huyo kwa kunyofolewa kila mara mkia wake ulikuwa umebaki kama kamba ya kengele, hata nzi walimhurumia.

Otilia hakuufuata ufundi. Ufundi ulimfuata nyumbani ukiwa kwenye gunia. Amos, mumewe, aliteremka Wampembe kuvua, akakaa msimu mzima, watu huku juu wakamsubiri na sufuria. Akarudi bila samaki hata mmoja, ila na pikipiki mfu aliyoibadilisha kwa nyavu zake. Otilia alitandika mkeka wa kuanikia ulezi, akaifumua pikipiki yote mpaka msumari wa mwisho, ili aone kwa macho yake ni kitu gani humo ndani kilichozidi nyavu kwa thamani. Hakukiona. Akairudishia kwa hasira, na alipomaliza vyuma vya kujaa kiganja vilikuwa vimebaki mkekani, na pikipiki ikawaka. Amos akasema bila shaka hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaizuia. Basi tangu siku hiyo Amos akabaki na ziwa na Otilia akabaki na vyuma, na ndoa yao ikatulia kuliko zote pale kijijini, kwani hawakutani sana. Na kwa nini kabureta? Kwa sababu Otilia alikua akichambua mawe kwenye ulezi wa mama yake, na jicho lililozoea kuona jiwe kwenye ulezi, kitundu cha jeti kwake ni mlango wa kanisa.

Lakini safari hii jicho lilikuwa limegoma. Kila kabureta aliyoifungua ilikuwa na mambo yale yale. Kwenye kuta za ndani, unga mweupe ulioganda kama unga wa muhogo. Chini kwenye kikombe, ute unaovutika kama mlenda. Na ule mpira wa duara unaozuia mafuta yasivuje ulikuwa umevimba, umelegea, ukiushika unakatika kama chapati ya jana. Otilia aliyaosha yote kwa petroli, akachokoa jeti kwa unywele, akafunga. Kesho yake unga umerudi. Wapo waliosema ni mkono wa mtu. Hilo alilikataa tangu mwanzo, akauliza ni mchawi gani mwenye kidole chembamba kiasi hicho. Jambo ambalo hakuweza kulieleza ni jogoo wake. Jogoo huyo alizoea kunywa maji yaliyotuama pale anapomwaga petroli ya kuoshea, na tangu maradhi ya kabureta yaanze, alikuwa anawika saa za ovyo, anaifuata mbuzi ya kukunia nazi akidhani ni mtetea, na jana yake alilala katikati ya barabara chali, mabawa wazi, lori la mahindi likamzunguka.

"Kwetu," Ngeleja akaendelea, kama hakuambiwa anyamaze, "ng'ombe akilala njiani hatumwangalii kwato. Tunauliza amekula nini."

"Ng'ombe wako wamekula mahindi ya watu," Otilia akamjibu. "Hilo halina haja ya kuulizwa."

Steven akacheka, Ngeleja akacheka zaidi, Otilia naye akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Akatazama kabureta. Akatazama chupa ya petroli ya kuoshea iliyokuwa kando yake. Muda wote ule alikuwa anamkagua ng'ombe kwato.

Akamuuliza Steven ananunua wapi petroli. Steven akamwona kama anayeuliza jua linachomoza wapi. Kwa bibi, akasema. Kijiwe chote kinanunua kwa bibi, nani aende mpaka Namanyere kujaza tanki? Ngeleja naye akasema ya pikipiki ni kwa bibi, ila hilo dumu la nyuma ni la mashine yake ya kuvuta maji, amelijaza kwenye kituo cha mafuta alipokwenda kuuza dume.

Bibi ni Bibi Silvana, mwenye kigoda cha chupa za petroli pale njia panda. Na Bibi Silvana ni mama mzazi wa Otilia. Hata hiyo chupa ya kuoshea ilitoka kwake, kila siku chupa moja, zawadi ya mama kwa mtoto.

Otilia alichukua chupa tupu ya maji ya dukani, ile inayoonyesha ndani, akafungua koki ya tanki la Steven, akaijaza nusu, akaiweka juu ya ubao penye mwanga. Kwanza ilikuwa ukungu. Halafu polepole ikajigawa, petroli ikapanda juu, na chini kikabaki kitu kingine, cheupe, kimetulia kama mwenye nyumba. Akatoboa chupa upande wa chini kwa msumari, akapokea tone kwenye kidole, akalamba.

Wapo wanaomtambua mama yao kwa sauti, wapo wanaomtambua kwa mwendo. Otilia alimtambua kwa ulimi. Ilikuwa na tangawizi, na kwa mbali ulezi uliokaangwa, na mwishoni moto unaopanda puani. Gongo ya namna hiyo, kuanzia Sumbawanga mpaka ziwani, inapikwa na mtu mmoja.

Akaifunika chupa kwa kitambaa upesi. Gongo ilikuwa imekatazwa siku zote, lakini ilikatazwa kama vile mtu anavyokatazwa kula na mkono wa kushoto. Tangu aje Mtendaji mpya wa kijiji, Leonsi, mambo yalibadilika. Huyo alikataza kweli. Alisimama mkutanoni akasema atakayekamatwa nayo, awe kijana awe mzee, anapelekwa mahakamani na viatu alivyovaa. Kwa hiyo Otilia alikuwa ameshika mkononi chupa iliyoweza kumrudishia jina lake mchana ule ule, na chupa hiyo hiyo ingempeleka mama yake mahakamani na kandambili.

Steven akauliza ameona nini. Otilia akasema ameona kazi, na kazi haifanywi kwa mdomo. Akamwomba Ngeleja petroli ya dumu. Ngeleja akalifungua, akishangaa mwenyewe kwamba pikipiki yake imekufa kwa mafuta mabaya huku imebeba mazuri mgongoni, kama mtu aliyekufa kiu na mtungi kichwani. Otilia akamwaga yote yaliyokuwa kwenye tanki la Steven, akaosha kabureta upya kwa petroli safi. Akachomoa mpira mzima kwenye kabureta kuukuu iliyokuwa imening'inia ukutani, akaubadilisha. Akanyofoa unywele wa yule fahali, akauvuta kwenye jeti, akaelekeza kitundu juani, na jua likatoka upande wa pili likiwa duara. Akafunga.

Steven akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, na haikuwaka tu, ikatulia. Ilinguruma chini chini, sawasawa, kama paka kwenye majivu. Steven akaiacha isimame bila kuishika mshiko wa mafuta, akasubiri izime, haikuzima. Akaizunguka, akaizunguka tena. Ngeleja anasema alimwona akiipigia magoti, na Steven anakana, anasema alikuwa anaangalia mnyororo. Kisha akaizima mwenyewe, kwa mkono wake, kwa furaha ya kuwa safari hii ni yeye aliyeamua.

"Sasa, mama fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto wa jirani, "niwaambie nini washikaji? Wataniuliza ilikuwa nini, na ya kwao ipone vipi."

Kabla Otilia hajajibu, Bibi Silvana akaingia, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, kitenge kimefungwa kifuani, chupa ya petroli kwapani. Steven akampa shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamtaka hali ya wakwe, akasema habari zake alizisikia kabla pikipiki haijafika darajani. Akamkabidhi Otilia ile chupa, akasema amemletea ya kuoshea.

Otilia akaipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, humu mna nini?"

"Petroli."

"Na hii ya chini?"

"Petroli iliyokaa."

Steven, ambaye jicho lake halikuwa jinga, alikwishavuta kitambaa kwenye ile chupa ya kwanza. Akachovya kidole kwenye tone lililokuwa linavuja, akalamba, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa nyumbani akiwa ugenini. Akasema, ala, kumbe hii ni ile ya bibi. Halafu akakumbuka kwamba juma lililopita, mbele ya kijiwe chote na mbele ya kwaya, alitangaza kuwa yeye ameacha pombe. Otilia akamuuliza ameitambua vipi upesi hivyo. Steven akasema harufu. Ngeleja akasema mtani, pua ya kijana huyu iko kwenye ulimi.

Bibi Silvana alipoona imejulikana, hakutahayari hata kidogo. Alivuta kigoda, akaketi, akapanga kitenge chake, na akaisimulia kama habari ya ushindi. Mtendaji Leonsi alikuja kumpekua, na mgambo nyuma yake. Yeye alikuwa na dumu zima chini ya kitanda, mpiko wa pili, ile kali, ile ambayo ukiiita kwa jina inageuka. Aliwasikia wakipiga hodi kwa jirani. Kuimwaga nje, ardhi ya Ufipa ingelewa na viazi vingeota vimepinda. Kuinywa, yeye ni mmoja. Akatazama huku, akatazama huku, akaliona pipa lake la petroli. Akaimimina yote humo.

"Nikasema moyoni, huyu mtu ataonja maji yangu, ataonja mchuzi wangu, petroli hataonja," akasema. "Na kweli, mwanangu, alifungua pipa, akanusa, machozi yakamtoka. Akanipongeza kwa kuachana na gongo na kufanya biashara halali. Mgambo wakanipigia makofi."

Otilia akamuuliza kwa nini basi hakuimwaga baadaye. Bibi akashangaa. Amwage petroli? Amwage gongo? Mtu mwenye akili hamwagi hata kimoja, sembuse vyote viwili. Tena alikwishaifanyia hesabu zake. Gongo yake ukiiweka kwenye kijiko na ukaiwashia kiberiti inawaka, na petroli inawaka, na kinachowaka kinawaka. Kwa hakika alidhani ameiongezea nguvu. Alisema aliwaonea huruma hao wenye pikipiki, wanavyopanda ule mlima wa Kirando na magunia ya dagaa kwenye baridi hii, akaona nazo zipate kidogo. Na kama kuna aliyeumia ni Mzee Yonas tu, aliyekuja jioni akaomba kikombe, akachotewa kwa mpira kutoka chini ya pipa. Hakuumia sana. Anacheua tu, na Rosina mkewe amemhamishia chumba kisicho na koroboi.

Steven alikuwa amekaa chini kwa kucheka, koti la watu linaburuta kwenye grisi. Ngeleja alijifuta macho kwa ncha ya mgolole. Otilia mwenyewe aling'ata mdomo, akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka, kisha akageuka akiwa amenuna kwa nguvu zake zote. Akamweleza mama yake mambo yalivyo. Kwamba gongo ndani yake mna maji, na maji hayapandi na petroli, yanashuka chini, na pikipiki hunyonyea chini. Kwamba hicho kileo kinakula mpira, na maji yake yanaotesha ule unga mweupe kwenye chuma cha kabureta. Kwamba yeye, fundi, amekuwa anaziosha kwa dawa ile ile iliyoziua, siku baada ya siku, akishangaa mgonjwa haponi. Na kwamba asipowapa sababu, kijiwe kizima kinahama jioni hii na jina lake linakwenda nacho.

Bibi Silvana akakaa kimya. Watu wa kijiji kile wanaweza kukueleza ni mara ngapi walimwona akikaa kimya, na ni chache, na moja kati ya hizo alikuwa ameng'olewa jino.

Halafu akapendekeza waseme ni mvua. Otilia akamkumbusha kwamba mvua zimekatika. Basi waseme ni radi. Steven akasema radi haiingii kwenye pikipiki zote kwa foleni. Ngeleja akatoa shauri kwamba ng'ombe wake walilaumiwa kwa mengi tayari, jambo moja zaidi halitawavunja mgongo, lakini hakuweza kueleza ng'ombe angefikaje ndani ya pipa.

Otilia akasema hatasema uongo juu ya mashine. Juu ya watu, ndiyo, watu wamezoea. Mashine haina mdomo wa kujitetea. Alichoweza ni kusimama kijiweni akasema petroli ilikuwa mbovu, na yeye akaoshea ubovu ule ule, na kwa kosa hilo la kwake atazisafisha zote upya bila malipo, kwa petroli ya kituoni. Aliyeuza hatamtaja.

"Hutamtaja," Steven akasema taratibu, akijipangusa grisi. "Lakini mama fundi, sisi sote tumenunua kwenye kigoda kimoja. Ukisema petroli ilikuwa mbovu umeshamtaja. Na vijana wale midomo yao unaijua. Usiku haujaingia, Mtendaji anayo."

Nje jogoo akawika bila sababu.

"Nitaje," akasema Bibi Silvana.

Otilia akamtazama.

"Nitaje mimi, Otilia. Mimi jina langu limechakaa, hata likichukuliwa sitalisikia likitoka. Lako bado linafanya kazi." Akavuta kitenge, akakaa wima. "Na huko jela usinionee huruma. Wana uji, wana blanketi, na wana watu ambao nikianza kuwasimulia hawawezi kuondoka."

Alitaka wacheke, nao walicheka kidogo, lakini Otilia hakucheka. Alikuwa ameona mkono wa mama yake ukishika pindo la kitenge na kuliviringisha, kuliviringisha, kama alivyokuwa akifanya zamani mvua ya mawe ilipokuwa inakuja na ulezi haujavunwa. Akaichukua ile chupa iliyojigawa, akapiga hatua akasimama mbele ya mama yake, na akawa kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, nisikilize," akasema. "Nikifika kijiweni nitawaambia kwamba ile petroli yako—"

Mlango ukatiwa kivuli. Gurudumu la mbele la pikipiki likaingia kwanza, halafu taa, halafu Mtendaji Leonsi mwenyewe, anaisukuma, shati limemganda mgongoni kwa jasho licha ya baridi yote ile.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Silvana. Kisha akamgeukia Otilia. "Fundi, tangu ile siku nimnunulie bibi petroli yake ya halali, hii kitu haikai barabarani. Inayumba. Vijana wamenambia leo lazima uipate sababu."

Steven akalitazama tanki la Mtendaji, ambalo nalo lilikuwa limebeba gongo ya bibi. Otilia alikuwa bado amesimama na chupa mkononi, kwenye mwanga.